Huruma kwa mzazi, kimya kwa mtoto: Kwa nini mateso ya watoto wenye ulemavu Kakuma hufichwa

JUA la Kakuma likifika utosini, joto hukaribia nyuzi 40 na nyumba ya matofali ya udongo iliyoezekwa kwa mabati huwa kama tanuri. Saa hizo wazazi wengi huwa nje: wengine kwenye foleni ya maji, wengine kwenye kituo cha mgao wa chakula, wengine wakitafuta kuni au kibarua mjini.

Watoto walio wazima huwafuata wazazi au hucheza baina ya nyumba. Mtoto asiyeweza kutembea, asiyesikia anapoitwa au anayeanguka kifafa mara kwa mara hubaki nyuma. Wapo wanaoachwa mlango ukiwa umefungwa kwa nje, na wapo wanaofungwa kamba mguuni wasiweze kutoka.

Jirani husikia kilio. Aghalabu hanyanyui mdomo, na akiunyanyua husema, "Maskini mama huyu, Mungu amempa mtihani." Huruma yote humwendea mzazi. Mtoto, ambaye ndiye aliyefungwa, hatajwi.

Kauli hiyo ya jirani ndiyo kiini cha tatizo. Lau aliyefungwa kamba angekuwa mtoto mzima wa viungo na akili, jirani huyo huyo angepiga kelele, angemwita kiongozi wa mtaa, pengine hata polisi. Tendo ni lile lile na maumivu ni yale yale, ila kipimo cha umma hubadilika kulingana na mtoto aliyetendewa.

Kakuma ni mji ulio umbali wa takribani kilomita 120 kutoka Lodwar, makao makuu ya Kaunti ya Turkana. Ulikuwa kituo kidogo katika nchi ya wafugaji hadi mwaka wa 1992, kambi ya wakimbizi ilipofunguliwa kando ya Mto Tarach. Miongoni mwa waliotangulia kufika ni maelfu ya wavulana wa Sudan waliotembea mamia ya kilomita wakikimbia vita.

Hivi leo kambi hiyo pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyofunguliwa mwaka wa 2016, ina takribani watu 300,000. Wametoka Sudan Kusini, Somalia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi, Ethiopia, Sudan na kwingineko. Wanaishi bega kwa bega na Waturkana ambao ndio wenyeji.

Vita vyenyewe huzidisha ulemavu. Risasi na mabomu huwaacha watoto bila viungo, chanjo hukosekana njiani, na wanawake hujifungulia porini pasipo mkunga. Kwa hivyo suala la malezi ya watoto wenye ulemavu si dogo katika eneo hili, wala si la wachache.

Takwimu za dunia

Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, hauhesabu kipigo pekee kuwa dhuluma. Kumtelekeza mtoto, kumnyima matunzo na kumdhalilisha ni dhuluma pia, hata kama mtendaji ni mzazi. Kwa kipimo hicho, kumficha mtoto ndani, kumpunguzia chakula ili wenzake washibe, au kuacha kumpeleka hospitalini kwa kuwa "hatapona" ni mambo yanayoingia katika orodha moja na kiboko.

Mwaka wa 2012, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti 17 zilizofanywa katika mataifa tajiri. Ilibainika kuwa watoto wenye ulemavu walikuwa katika hatari ya kutendewa ukatili mara 3.7 zaidi ya watoto wengine. Uchambuzi mpana zaidi uliotolewa mwaka wa 2022, na uliojumuisha nchi maskini, ulionyesha kwamba takribani mtoto mmoja kati ya kila watatu wenye ulemavu amewahi kutendewa ukatili.

Takwimu hizo zina maana moja kubwa. Ukatili huu haukuzaliwa jangwani Turkana, wala hauletwi na ushamba wa jamii fulani. Unapatikana popote ambapo mtoto anamtegemea mtu mmoja kwa kila kitu, na mtu huyo hana wa kumsaidia wala wa kumwuliza.

Maelezo ya laana

Nguzo ya kwanza inayoshikilia mtazamo wa umma ni imani kwamba ulemavu una mkosaji. Miongoni mwa Waturkana, kama ilivyo katika jamii nyingi za wafugaji, janga huulizwa chanzo chake, na mwaguzi, yaani emuron, huendewa ili aeleze ni kosa gani lililotendwa na ni kafara gani itakayotuliza mambo. Wakimbizi nao wamekuja na maelezo ya kwao. Kuna wanaotaja mizimu, wanaotaja majini, wanaotaja uchawi wa mke mwenza, na wanaotaja dhambi ya mama.

Maelezo haya hutofautiana kwa maneno lakini matokeo yake hukaribiana. Mtoto huwa ushahidi wa aibu, na ushahidi wa aibu hufichwa. Aghalabu lawama humwangukia mama. Wapo waume wanaoondoka baada ya kuzaliwa kwa mtoto wa namna hiyo, wakidai kwamba ukoo wao haujawahi kuona jambo kama hilo.

Shinikizo hilo laweza kufika mbali. Mwaka wa 2018, shirika la Disability Rights International lilitoa ripoti kuhusu Kenya iliyoeleza kwamba takribani nusu ya akina mama waliohojiwa walisema walishinikizwa wawaue watoto wao waliozaliwa na ulemavu. Neno "walishinikizwa" lafaa kuzingatiwa. Wazo hilo lilitoka kwa watu waliomzunguka mama, kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote.

Sayansi ina majibu yaliyo wazi kuhusu chanzo cha hali nyingi kati ya hizi. Mtindio wa ubongo waweza kutokana na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali ya siku za kwanza, au ugonjwa wa uti wa mgongo. Malaria inayopanda ubongoni yaweza kumwacha mtoto aliyekuwa mzima akiwa hasikii au haongei. Mgongo wazi huhusishwa na upungufu wa foliki asidi katika lishe ya mama, na ndiyo sababu moja iliyofanya Kenya kuagiza virutubisho viongezwe katika unga wa viwandani mwaka wa 2012.

Kifafa ni mfano ulio bora zaidi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka iwapo watatambuliwa na kupewa dawa ipasavyo. Hata hivyo, wapo wanaoogopa kumgusa mtoto aliyeanguka kwa kudhani kwamba povu lake huambukiza. Mtoto huyo huungua motoni huku watu wazima wakimtazama, kisha makovu yake hutajwa kama dalili nyingine ya laana.

Dini zilizotamalaki kambini hazitoi nafasi kwa dhana hiyo. Katika Injili ya Yohana, wanafunzi waliotaka kujua ni dhambi ya nani iliyosababisha mtu azaliwe asiyeona walikanushwa. Katika Kurani, sura ya 80 hufunguka kwa kukemea kupuuzwa kwa mtu asiyeona. Viongozi wa misikiti na makanisa ya Kakuma wana hoja tayari mikononi, wakitaka kuitumia.

Maelezo ya mzigo

Nguzo ya pili ni ngumu zaidi kuing'oa kwa sababu huvaa joho la upole. Anayeishikilia hataji laana. Anasema tu kwamba mtoto ni mzigo, mzazi amechoka, na mtu aliyechoka hapaswi kuhukumiwa.

Mfano unaojulikana sana wa mtazamo huu ulitokea mbali na Afrika. Mwezi Oktoba mwaka wa 1993, mkulima wa Saskatchewan nchini Canada, Robert Latimer, alimuua bintiye Tracy kwa moshi wa gari. Tracy alikuwa na umri wa miaka 12 na mtindio mkali wa ubongo. Baba alipatikana na hatia ya mauaji, lakini wananchi wengi walimtetea wakidai kwamba alitenda kwa mapenzi.

Baada ya kesi yake kusikizwa upya mwaka wa 1997, jaji alimpa adhabu isiyotimiza miaka miwili, nusu yake akiitumikia shambani kwake. Mahakama ya rufaa iliikataa, na mwezi Januari 2001 Mahakama ya Juu ya Canada ikathibitisha kifungo cha maisha, asiachiliwe kabla ya miaka 10. Mashirika ya watu wenye ulemavu yalikuwa yameuliza swali moja tangu mwanzo: je, baba huyo angetetewa namna hiyo lau bintiye angekuwa anatembea na kusema?

Swali hilo lina mahali pake Kakuma. Uchovu wa mzazi ni wa kweli na haufai kudharauliwa. Kumlea mtoto asiyeweza kujilisha, mahali ambapo maji hubebwa kwa mitungi na kiti cha magurudumu huzama mchangani, ni kazi ya mchana na usiku. Ukame wa misimu mitano mfululizo, ulioanza mwaka wa 2020, uliwamalizia wenyeji mifugo. Mwaka wa 2025 mgao wa chakula wa wakimbizi ulipunguzwa hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili.

Lakini uchovu ni sababu ya kumsaidia mzazi. Hauwezi kuwa sababu ya kumnyamazia. Jirani anayesema "amechoka" kisha asimshikie mtoto hata saa moja hajamwonea mzazi huruma. Amejinunulia tu ruhusa ya kutoingilia.

Siri ya nyumba na fimbo ya malezi

Nguzo ya tatu ni heshima ya faragha. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," husema Waswahili, na methali hiyo hutumiwa kumfungia nje kila anayeuliza. Katika kambi ambamo watu wa mataifa mbalimbali wanaishi wakichungana, hofu ya kuzusha ugomvi wa kikabila huongeza kimya hicho. Mtu huona heri asiseme kuliko aonekane anaingilia watu wa kabila jingine.

Nguzo ya nne ni fimbo. Jamii nyingi zinaamini kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mtoto asiyesikia hupigwa kwa kudaiwa mkaidi, naye mwenye ulemavu wa akili hupigwa kwa kurudia kosa ambalo hakuelewa kuwa ni kosa. Fimbo haifundishi kitu hapo, na kwa kuwa haifundishi, huongezwa.

Lugha nayo ina mchango wake. Kwa miaka mingi majina kama kiwete, kiziwi, kipofu na kilema yameundwa kwa kiambishi kile kile cha kiti na kikombe. Ni kweli kwamba sarufi huyapatanisha na viumbe wenye uhai, hivyo husemwa "kipofu amekuja". Hata hivyo, umbo hilo pamoja na matusi kama taahira humzoesha msikilizaji kuona kasoro kabla ya kumwona mtu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinataka mtu mwenye ulemavu aitwe kwa namna isiyomshusha hadhi, na agizo hilo halikuwekwa kwa pambo.

Sheria imeshasema

Wanaodhani kwamba haya ni mambo ya nyumbani yasiyohusu serikali wamepitwa na wakati. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 ilimtaja mtoto mwenye ulemavu anayefungiwa au kuteswa kuwa miongoni mwa watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi wa mahakama. Sheria ya mwaka wa 2022 iliyochukua nafasi yake imeendeleza ulinzi wa watoto wote dhidi ya ukatili.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka wa 2003 nayo ilifanya kuwa hatia kwa mzazi, mlezi au jamaa kumficha mtu mwenye ulemavu hata akakosa huduma anazostahili, na ikaweka faini isiyozidi Sh20,000. Mwaka wa 2025 sheria hiyo ilifuatwa na sheria mpya iliyo pana zaidi. Juu ya zote ipo Katiba, ambayo katika kifungu cha 53 inampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kutelekezwa, mila zenye madhara na ukatili wa aina zote. Haikusema kila mtoto wa Kenya. Mtoto mkimbizi yumo.

Tatizo ni kwamba sheria huhitaji shahidi. Mtoto asiyesema hawezi kupiga ripoti, na aliyefungiwa hawezi kufika kituoni. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu mahakama kumtumia msaidizi wa mawasiliano kwa mlalamishi asiyeweza kujieleza mwenyewe. Lakini hatua hiyo huja baada ya mtu mwingine kuthubutu kulifungua jambo lenyewe, na mtu huyo ni jirani.

Majirani wengi huogopa kwamba mama akifungwa jela, mtoto na ndugu zake watabaki bila mlezi. Hofu hiyo si ya kijinga. Hata hivyo, jela si njia pekee. Afisa wa watoto anaweza kuitembelea familia na kuiunganisha na huduma, na mahakama ya watoto inaweza kuagiza malezi yafanyike chini ya uangalizi. Mateso makubwa na mauaji ni jambo jingine, na hayo hayana mbadala wa kesi ya jinai.

Mahali pa kamba

Ili kamba iondoke, sharti kitu kingine kikae mahali pake. Shirika la Kijesuiti la Huduma kwa Wakimbizi (JRS) limeendesha kambini Kakuma vituo vya kuwatunza mchana watoto wenye ulemavu wa akili. Mantiki ya vituo hivyo ni nyepesi kueleweka: mzazi anayejua kwamba mtoto yuko mahali salama anaweza kwenda foleni ya maji bila kumfungia. Hapo mtoto hupata wenzake, mazoezi na mafunzo ya kujihudumia, na mzazi hupata wazazi wenzake.

Shirika la Humanity & Inclusion nalo limetoa huduma za viungo na vifaa vya kutembelea. Mtoto aliyefundishwa kukaa wima na kushika kijiko humpunguzia mama kazi ya kila siku, na kwa kadiri kazi inavyopungua ndivyo hasira inavyopoa. Huduma za aina hii zilitikiswa wafadhili walipopunguza misaada mwaka wa 2025, jambo ambalo wanaopanga bajeti hawana budi kulitazama kama suala la usalama wa watoto.

Kwa raia wa Kenya, mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa familia yenye mtu aliye na ulemavu mkali anayehitaji kuhudumiwa wakati wote. Fedha hizo hazitoshi, na wazazi wa mashambani Turkana hulazimika kusafiri mbali kusajiliwa. Hata hivyo zina maana kubwa kuliko thamani yake sokoni, kwa kuwa zinakiri hadharani kwamba kumlea mtoto huyo ni kazi, na kwamba taifa linadaiwa sehemu yake. Mkimbizi hayumo katika mpango huo.

Lililo la msingi, hata hivyo, halihitaji bajeti. Jirani anaweza kumsalimia mtoto kwa jina lake. Anaweza kujitolea kumshikia mzazi kwa saa mbili siku ya mgao. Anaweza kumwambia waziwazi kwamba kamba ile inamuumiza mtoto, na kwamba wapo wa kumsaidia. Akiona majeraha, au akisikia kilio kisichokoma, anaweza kumweleza kiongozi wa mtaa, chifu, afisa wa watoto au polisi, ama apige simu ya watoto nambari 116, ambayo hailipishwi.

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo hutajwa sana kwenye harusi na ubatizo, watoto wazima wanapopokewa kwa vigelegele. Mtihani wake halisi uko kwenye nyumba yenye mlango uliofungwa kwa nje saa sita za mchana, na kwa jirani aliyesimama karibu nayo akisikiliza.